WASHINGTON WA VIRGINIA: JINA NI LA NANI?



Katika namba iliyopita ya gazeti letu dogo, ndugu mumoja wa kalasi ya sita aliandika ya kwamba mutu mweusi anayebeba jina la muzungu ni mutumwa bado, hata kama minyororo ilikatwa zamani. Mufano wake ulikuwa Booker T. Washington wa Marekani. Akasema: tazameni, huyu alizaliwa katika utumwa, Mungu akamupa uhuru, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kujivika jina la bwana wa watumwa! Mwishoni akashauri ya kwamba sisi wote tuondoe majina yetu ya ubatizo kwenye orodha ya apeli. Watu walisifu maneno yale sana, hata usiku katika nyumba ya kulala walikuwa wanayarudilia.

Mimi sikusifu. Ninaomba nafasi nijibu, bila hasira, kwa sababu ndugu yetu ameuliza jambo la kweli. Shida ni kwamba amejibu mbio sana, mbele ya kutazama watu wenyewe.

Ukiuliza mwanafunzi yeyote, "Washington ni nani?", atakuambia: George, rais wa kwanza wa Marekani. Basi, imekwisha. Lakini katika jimbo moja tu, jimbo la Virginia, watu wengi wa jina lile wameingia katika historia, weupe na weusi, na hawakulipata kwa njia moja.

Washington wa kwanza kufika Virginia alikuwa Mwingereza, John, karibu na mwaka 1657. Alikuja na meli ya biashara ya tumbako, akaoa, akapata udongo, akakaa. George ni kitukuu chake, alizaliwa tarehe 22 Februari 1732. Baba yake alipokufa mwaka 1743, George alikuwa na miaka 11, na katika urithi wake walikuwemo watu 10. Ndiyo, watu. Kwetu mutoto wa umri ule anapewa kuku wawili aangalie, na wakati mwingine mumoja anapotea.

Alipokufa mwezi wa Desemba 1799, watumwa 317 waliishi katika shamba lake la Mount Vernon. Hesabu hii tusiisome mbio. 123 walikuwa wake mwenyewe. 153 walikuwa wa urithi wa mume wa kwanza wa Martha, muke wake, na kwa sheria yeye wala Martha hawakuweza kuwapa uhuru. 41 aliwakodi kwa wengine. Katika barua yake ya urithi aliagiza ya kwamba wale waliokuwa wake wapate uhuru wakati Martha atakapokufa. Martha hakungoja kufa, aliwaacha huru tarehe 1 Januari 1801. Lakini wale wa urithi walibaki utumwani, na watu wa makundi haya mawili walikuwa wameoana. Kwa hiyo siku ile ya furaha ilipasua nyumba katikati: baba huru, mama na watoto watumwa. Mimi sikatai ukubwa wa George Washington. Ninasema tu kwamba mambo haya yote ni yake pia.

Mount Vernon ikaenda kwa Bushrod Washington, mutoto wa ndugu ya George. Huyu alikuwa mwamuzi katika Korti Kuu ya Marekani tangu 1798. Tena alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa chama kilichoanza mwaka 1816 kwa kupeleka weusi huru Afrika, kile kilichoanzisha Liberia. Sasa sikieni: mwaka 1821 mwenyekiti huyu aliuza watumwa 54, wakapelekwa mbali, Louisiana. Magazeti yakamulaumu, naye akajibu kwamba ni mali yake. Ikiwa ndugu yetu anatafuta Washington wa kumukasirikia, ninamutolea huyu bure.

Lakini tugeuke upande mwingine. Katika wale watumwa wa George alikuwa Harry. Alizaliwa Afrika ya magharibi, pande za Gambia, na George alimununua mwaka 1763. Alifanya kazi katika maji na matope ya pori kubwa lililokuwa likikaushwa kwa kulima, halafu akaangalia farasi pale Mount Vernon. Mwaka 1771 alitoroka, akakamatwa. Mwaka 1776 akatoroka tena, akaenda kwa Waingereza, maana gavana wao alikuwa ametangaza uhuru kwa watumwa wa waasi watakaokuja kupigana upande wake. Basi bwana alikuwa jemadari wa jeshi moja, na mutumwa wake alikuwa katika jeshi lingine. Hii hawatufundishi sana.

Vita ilipokwisha mwaka 1783, jemadari George alikutana na mukubwa wa Waingereza, Carleton, akadai watumwa waliotoroka warudishwe. Carleton akakataa. Waingereza wakaandika katika kitabu majina ya weusi waliopanda meli pale New York, karibu watu 3,000. Katika orodha za Mount Vernon alikuwa Harry tu, kama vile punda anavyoitwa. Katika kitabu cha meli ameandikwa Harry Washington, jina kamili, kama mutu.

Akaenda Nova Scotia, kwenye baridi kali, na mwaka 1792 akavuka bahari tena mpaka Sierra Leone. Akarudi Afrika! Huko kampuni ya Waingereza iliwadai kodi ya udongo walioahidiwa kuupata, na mwaka 1800 wengine waliasi, Harry akiwa kati yao. Wakashindwa, naye akafukuzwa kwenda ngambo nyingine ya maji. Washington mumoja alipinga Waingereza juu ya kodi, akawa rais na uso wake uko kwenye pesa. Washington mwingine alipinga Waingereza juu ya kodi, akafukuzwa, na mimi nilimaliza kalasi ngapi bila kusikia jina lake.

Wa tatu alikuwa John, huyu wa muji wa Fredericksburg, alizaliwa mutumwa mwaka 1838. Mama yake alimufundisha kusoma mbele ya kutenganishwa naye. Tarehe 18 Aprili 1862, wakati wa vita ya wao kwa wao, alivuka muto Rappahannock akafika kwa askari wa Kaskazini, akawa huru. Mwaka 1873 aliketi akaandika maisha yake kwa mukono wake. Maandiko yale yalikaa miaka mingi bila kuchapwa, mpaka mwaka 2007.

Sasa nafika kwa Booker mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1856 katika shamba la muzungu mumoja, Burroughs, wilaya ya Franklin, pale pale Virginia. Mama yake Jane alikuwa mupishi, na walilala katika nyumba ya jiko. Baba yake alikuwa muzungu, na Booker hakumujua. Bwana yule alipokufa, mwaka 1861 watu waliandika mali yake yote, na katika orodha iko mutoto mweusi Booker, bei dola 400. Jina moja tu, na bei pembeni.

Mwaka 1865 uhuru ulipofika, mama aliwachukua watoto kwenda kwa mume wake, Malden, katika West Virginia, upande uliokuwa umetengana na Virginia mwaka 1863. Mume huyu alifanya kazi ya chumvi, na mapipa yake yalikuwa na alama ya namba 18. Booker anaeleza ya kwamba ile 18 ndiyo maandishi ya kwanza aliyojua katika maisha yake. Halafu akapata ruhusa kuingia masomoni. Mwalimu akaanza apeli. Mutoto akasikia wenzake wote wana majina mawili, wengine hata matatu, na yeye ana moja tu. Alifanya nini? Zamu yake ilipofika akasema bila kutetemeka: Booker Washington. Nyuma mama akamuambia kwamba alipozaliwa alimupa pia jina Taliaferro, basi akaliweka katikati. Ndiyo ile T.

Hapa ninamuuliza ndugu yetu: bwana wa Booker aliitwa nani? Burroughs. Kama mutoto yule alitaka kujivika jina la bwana, alipaswa kusema Booker Burroughs. Hakusema. Na mume wa mama yake, yule muzee wa mapipa ya chumvi, aliitwa Washington Ferguson. Washington lilikuwa jina lake la kwanza, lile aliloitwa kila siku nyumbani. Basi jina lililosikika katika kalasi siku ile lilikuwa jina la mutu mweusi mwenye mikono ya chumvi, aliyemulea. George alikuwa wapi?

Mutu atajibu: lakini yule Ferguson naye, walimuita hivyo juu ya George. Inawezekana kabisa. Ila jina likisha kupita katika mikono mitatu, mine, si la yule wa kwanza tena. George hakuzaa mutoto hata mumoja. Marekani walipohesabu watu mwaka 2000, walikuta watu 163,036 wa jina Washington, na karibu 90 kwa kila 100 walikuwa weusi. Basi leo mwenye jina ni nani?

Sisemi kwamba Booker hakukosa kitu. Katika hotuba yake ya Atlanta mwaka 1895 aliwashauri weusi washike kazi za mikono kwanza na wasigombanie haki zote palepale, na mwaka 1903 Du Bois alimupinga kwa nguvu katika kitabu chake. Ninafikiri Du Bois alikuwa na haki katika mengi. Anayetaka kumupinga Booker, amupinge pale, kwa matendo yake. Jina lake tuliache.

Tena sisi Wakongo tusimutukane mbio. Alipokuwa anafundisha jioni pale Hampton, katika Virginia, mumoja wa wanafunzi alikuwa William Sheppard, mweusi wa Waynesboro, jimbo lile lile. Huyu ndiye alikuja Kongo mwaka 1890 kama mumisionere wa Kipresbiteri, na mwaka 1891 wakaanza kazi Luebo, katika Kasai. Mwaka 1899 alihesabu kwa macho yake mikono 81 ya watu iliyokatwa, ikikaushwa juu ya moto, na akaandika habari ile ijulikane. Mwaka 1904 Booker Washington mwenyewe aliandika katika gazeti la Marekani juu ya ukatili wa serikali ya Leopold katika inchi yetu, na akaunga mukono chama kilichopigania Kongo. Watu wale hawakututazama majina.

Kuhusu majina yetu sasa. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1972, wakati inchi iliitwa Zaïre. Mobutu aliacha Joseph-Désiré, akajichagulia jina refu alilolipenda. Ilikuwa haki yake. Halafu akaamuru wengine wote waache majina ya ubatizo. Kardinali Malula alipopinga, alilazimika kukaa Roma muda fulani. Wengine walifurahi kweli kurudilia majina ya babu zao, na furaha ile siicheki. Lakini wengine walikuwa wanaitwa jina moja ofisini na lingine kanisani, miaka mpaka 1990, kama wezi wanaoficha kitu. Ninaona karani wa shamba la Burroughs na karani wa 1972 wanafanana katika jambo moja tu: hakuna aliyeinua kichwa kumuuliza mutu, "Weye, unapenda tukuite nani?" Yule mwalimu wa Malden aliuliza. Ndiyo tofauti yote.

Ndugu yetu anataka orodha ya apeli isafishwe kwa wote. Mimi ninashauri hivi, na nimemuambia pia prefe: mwanzo wa mwaka, kila mwanafunzi apewe karatasi, aandike mwenyewe majina anayotaka kuitwa, na wazazi watie mukono. Anayetaka kuondoa Jean au Marie aondoe, na tutamuita vile anavyotaka bila kucheka. Anayetaka kuongeza jina la babu yake aongeze. Katika kalasi yetu tuko na Ilunga watatu ambao si wandugu, na mwalimu anawachanganya kila siku, hata kwa pointi za hesabu. Wale ndio wa kuandika kwanza.

Jina langu mimi, ndugu wa kalasi ya sita asilifute. Aje aniulize, niko kalasi ya tano, benchi ya mwisho karibu na dirisha.