Uchafu wa gari lako una habari

Kila Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri na kabla jua halijapanda ukuta wa jirani, natoa ndoo mbili uani kwetu Tudor, Mombasa. Moja ina maji ya sabuni, ya pili ina maji matupu ya kusuuzia glavu. Gari limelala usiku kucha, bodi imepoa, na tairi hazijapata joto, kwa hiyo upepo wake naupima wakati huo huo. Nina kama saa mbili kabla watoto hawajaamka na kunguru hawajaanza kushuka.

Gari lenyewe ni Golf GTI ya mwaka 2012, nyeusi, iliyotumika Japani. Asiyelijua huona kigari cha milango mitano cha kupelekea watoto shule. Chini ya boneti mna injini ya lita 2 yenye turbo na nguvu farasi zaidi ya 200, inayolitoa gari kwenye kusimama hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde zipatazo saba. Volkswagen walipoanza kuuza GTI ya kwanza mwaka 1976 ilikuwa na nguvu farasi 110 na uzito usiofika kilo 900, na wazo lilikuwa hili hili: gari la familia lenye moyo wa gari la mashindano. Leo ukisimama barabara ya Nyali jioni utayaona yakipita, mengi yakiendeshwa na vijana walio katika kazi yao ya kwanza. Mimi nawaunga mkono kulipenda gari la aina hii. Nina ombi moja tu kwao, na kwa yeyote anayemiliki gari lenye kasi: lioshe mwenyewe, nyumbani, kwa mkono wako.

Jirani yangu, mtu wa heshima anayenitakia mema, huniambia kila akipita: "Dada, mbona wajitesa? Mpe kijana shilingi 400 aoshe, wewe unywe chai yako." Nilimjibu kwa kisa cha mwezi wa nane mwaka juzi.

Siku ile nilikuwa nimefungua boneti, nafuta vumbi la ndani kwa brashi laini ya kupakia rangi na kitambaa chenye unyevu. Pale chini, pampu ya maji ilipojificha, niliona ukoko mwembamba wa rangi ya waridi, kama chumvi inayobaki mwambani maji yakipwa. Maji ya kupozea injini ya Golf yana rangi hiyo. Maana yake yalikuwa yakivuja tone kwa tone na kukauka juu ya injini yenye joto kabla hayajafika ardhini. Mshale wa joto kwenye dashibodi ulikuwa umetulia mahali pake. Sakafuni hapakuwa na tone. Nilipotazama tangi la plastiki, maji yalikuwa yameshuka kiasi cha upana wa kidole. Fundi alithibitisha: kasha la pampu, ambalo ni la plastiki, lilikuwa limepata ufa, na huo ni udhaifu unaojulikana wa injini hizi. Wiki mbili baadaye tulikuwa na safari ya Nairobi, kilomita karibu 480, watoto nyuma, jua la Voi na Mtito Andei juu yetu.

Sasa fikiria lile gari ningelipeleka likapigwe maji ya mashine ndani ya boneti, kama wengi wanavyofanya. Ukoko ungeondoka kwa sekunde moja. Ningerudishiwa injini inayong'aa na inayoumwa. Maji yale ya nguvu yangeweza pia kupenya kwenye koili nne za plagi na viungo vya nyaya, na hapo ningepata ugonjwa wa pili. Uchafu una habari, na anayepaswa kuisoma kabla haijafutwa ni mwenye gari.

Kazi yangu ni kutoa magari bandarini Kilindini, mwaka wa kumi na sita huu. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lililopita miaka minane tangu liandikishwe, kwa hiyo mengi yanayoshuka melini yanakuwa yamekaribia ukomo huo. Mengi huja na karatasi ya mnada ya Japani, yenye mchoro wa gari lililotandazwa kama ngozi ya mbuzi na herufi kila mahali: A kwa mkwaruzo, U kwa bonyeo, S kwa kutu, W kwa mahali paliponyooshwa na kupakwa rangi upya. A1 ni mkwaruzo mdogo, A3 ni mkubwa. Nimezisoma maelfu. Siku moja nilijiuliza kwa nini mkaguzi wa kule, asiyelijua gari hata kidogo, alitazame kwa makini kuliko mwenyewe atakayepanda nalo barabarani. Nikanunua daftari la mraba, nikachora mchoro wangu, na tangu hapo kila mwezi naujaza upya. Bampa la mbele, jiwe la Mariakani, A1. Mlango wa nyuma kushoto, troli ya dukani, U1. Chini ya kizingiti cha mlango wa dereva, doa la kutu lenye ukubwa wa punje ya mtama, S1, nililokwangua, nikalipaka dawa ya kutu na rangi siku ile ile.

Kutu kwetu pwani haina mchezo. Huko Japani, mikoa ya theluji humwaga chumvi barabarani miezi michache ya baridi. Sisi chumvi inatujia hewani mwaka mzima, na nyakati nyingine hata bombani. Maji ya visima vingi vya Mombasa yana chumvi, na mfereji huja kwa zamu. Kuoshea gari maji ya kisima ni kulipaka kile kile unachotaka kukiondoa, ndiyo maana utaona madoa meupe yakikauka kwenye vioo. Mimi hutumia maji ya mvua niliyokinga, yakikosekana nanunua mitungi miwili ya mkokoteni. Lita 40 zinatosha gari lote, ukianza juu na kushuka chini, na ukalikausha kwa taulo la maikrofaiba kabla jua halijalikausha.

Magurudumu yana ndoo yake ya tatu na brashi yake, wala glavu ya magurudumu haigusi rangi kamwe. Lile vumbi jeusi la rimu ni chembe za pedi na chuma cha diski. Likikaa na hewa ya bahari huota kutu na kuila rimu. Nikiwa nimechuchumaa pale nawasha tochi na kutazama kati ya miimo ya rimu: pedi imebaki unene gani, diski ina ukingo uliosimama au bado ni sawa? Kisha napitisha kiganja upande wa ndani wa tairi, upande ambao mtu aliyesimama hauoni. Tairi ikilika ndani huku nje ikionekana mpya, bushi zimechoka au magurudumu hayako sawa. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne, mfano 3521, yaani wiki ya 35 ya mwaka 2021. Nimeona vijana wakinunua tairi za mtumba zenye umri wa miaka kumi, zina kashata nzuri na mpira uliokwisha kufa, wakazifunga kwenye gari linaloweza kupita kilomita 200 kwa saa. Hilo hunitia hofu ya kweli.

Rangi nayo ina hadithi yake. Tabaka la juu la vanishi ni jembamba kuliko unywele wa kichwani. Nyeusi haifichi kitu: simama nalo juani utaona mikwaruzo ya mviringo kama utando wa buibui bodi nzima. Langu liliipata katika wiki zangu tatu za mwanzo, sehemu moja ya kuoshea magari ambapo kitambaa kilichotoka kwenye rimu za lori kilipita juu ya boneti langu mbele ya macho yangu. Nilinyamaza. Hadi leo najuta kunyamaza kwangu. Kuiondoa kulinichukua Jumamosi mbili za polishi kwa mkono, na kila polishi inapunguza vanishi ambayo hairudi.

Uani kwetu kuna mkungu, na mkungu una popo usiku na kunguru mchana. Kinyesi chao hula vanishi kwa saa chache kwenye joto hili. Sikisugui. Naweka kitambaa chenye maji juu yake dakika tano, kikilainika nakiinua. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, napitisha ule udongo laini unaofanana na wa kuchezea watoto. Huo hubeba utomvu na chembe za chuma zilizojikita, bodi ikabaki laini kama kioo. Kisha napaka nta ya karnauba, itokanayo na majani ya mti wa jamii ya minazi wa Brazili.

Siku ya nta ndiyo siku ninayomkumbuka babu, mzaa mama. Alikuwa nahodha wa jahazi lililobeba boriti kutoka Lamu. Nilimkuta amezeeka, lakini chombo bado anacho, na nilimwona akikiegesha mchangani Bandari ya Kale maji yakijaa, ili yakipwa kibaki kikavu. Wanawe walikwangua makombe yaliyogandia chini, wakapaka shahamu ya mafuta ya mnyama na chokaa, na juu ya maji wakapaka sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake haikutoka nguoni wiki nzima. Kabla ya shahamu, babu mwenyewe alizunguka chombo chote akigonga mbao kwa fundo la kidole, ubao mmoja baada ya mwingine, sikio limeinama. Alikuwa na watu wa kukwangua na watu wa kupaka. Kugonga hakumwachia mtu.

Ndani ya gari nafanya haraka: mchanga wa ufukweni unavutwa, kapeti zinaanikwa, dashibodi inafutwa kwa kitambaa chenye maji tu, bila mafuta ya kung'arisha, kwa sababu mng'ao wake huakisi kwenye kioo cha mbele ukakutia kiwi saa kumi jioni. Viti vyangu ni vya kitambaa cha mirabamiraba, mtindo ulioanzishwa kwenye GTI ya kwanza na Gunhild Liljequist, mwanamke aliyeajiriwa Volkswagen kwenye idara ya rangi na vitambaa. Ni yeye pia aliyetoa wazo la kirungu cha gia chenye umbo la mpira wa gofu. Navipiga brashi kwa heshima.

Pahali ninapopatilia mkazo ni chini ya waipa. Inua boneti, utaona mfereji mpana chini ya kioo cha mbele. Majani ya mwarobaini yakiziba matundu yake, mvua ya mwezi wa tano haina pa kwenda ila ndani ya gari, chini ya kapeti, kwenye nyaya. Toa majani kwa mkono kila wiki wakati wa masika. Filta ya hewa ya ndani, iliyo chini ya kabati la abiria, badilisha mara moja kwa mwaka, au utavuta ukungu wa mvua zilizopita kila ukiwasha kiyoyozi.

Nasikia wakisema huku ni kuwanyima vijana riziki. Hoja hiyo naichukua kwa uzito, maana kaka yangu alilipia chuo kwa kuosha magari. Waoshaji wanaojua kazi wapo, na mmoja wao mpelekee gari, simama karibu, mpe taulo lako safi na umlipe zaidi. Na zipo kazi ambazo uani hapafai kabisa. Petroli ya injini hizi hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya vali za hewa ikaziosha, kwa hiyo masizi hugandia hapo hadi fundi ayapulize kwa maganda ya jozi yaliyosagwa. Oili ya giaboksi ya DSG ya gia sita, ambayo hubadilishwa pamoja na filta yake kila kilomita 60,000, inataka gari liinuliwe na joto la oili lipimwe.

Lakini pesa za kazi hizo vijana wanazo. Nazijua zilipo. Zimeingia kwenye programu ya kuongeza nguvu za injini na ekzosi inayolipuka kama fataki saa nne usiku mtaani kwa wagonjwa na wazee. Mwenye gari lenye ekzosi hiyo muulize mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu imejaa unyevu. Yakizeeka huchemka kwenye mteremko mrefu kama ule wa Mazeras ukishuka na malori, na kanyagio likazama hadi sakafuni. Kila miaka miwili, yabadilishwe. Oili ya injini iwe na namba 502 00 kwenye kopo, na ibadilishwe mapema kuliko kitabu cha Ujerumani kinavyosema, kwa sababu foleni ya Makupa haikuandikwa kwenye kitabu hicho. Mimi nabadilisha kila kilomita 7,500.

Mwanangu wa kiume ana miaka kumi na miwili. Mwezi huu ameanza kuamka kabla ya wenzake, anashika tochi. Jumamosi iliyopita nikiwa nakausha paa nilimsikia kutoka chini, upande wa abiria: "Mama, hii ya nyuma imelika kwa ndani. Njoo uguse." Niligusa. Ni kweli, kidogo tu, ukingo mkali kama wa ukucha. Alikwenda ndani akaleta daftari, akatafuta gurudumu kwenye mchoro, kisha akaniuliza aandike herufi gani, maana Wajapani hawana herufi ya tairi.