Usimwite mvivu, muulize anasomaje

Kijana aliyezoa alama ya A katika KCSE anapoanguka mtihani wa anatomia katika mwaka wa kwanza wa udaktari, nyumba nzima hupigwa na butwaa. Mbuzi alichinjwa, majirani wakaanza kumwita daktari kabla hajagusa kitabu. Leo anatakiwa aurudie mtihani. Baba hufoka, "Umeanza anasa!" Kijana huinamisha kichwa na simu zake za nyumbani hupungua.

Mzazi, usikimbilie kulaumu. Mara nyingi mwanafunzi wa namna hii hasomi kidogo, bali husoma vibaya. Katika shule ya upili alikariri madokezo ya mwalimu na yakamfaa. Chuoni mambo ni mengi mno, na kukesha akirudia kurasa zile zile hakumsaidii.

Mnamo 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, baada ya kujipima mwenyewe, alionyesha jinsi tunavyosahau upesi tulichojifunza. Kisha mwaka wa 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Waliorudia kusoma walikumbuka zaidi baada ya dakika tano. Lakini juma moja lilipopita, walioshindwa ni hao hao. Walioshinda ni wale waliofunika kifungu na kuandika walichokumbuka.

Basi swali si "Unasoma saa ngapi?" bali "Unasomaje?" Mshauri wake amwambie afunge kitabu na kueleza kwa maneno yake damu inavyopita moyoni. Panapomshinda ndipo pa kusoma. Alirudie somo hilo kesho, kisha juma lijalo, asingoje usiku wa mtihani.

Vilevile asijifungie chumbani. Mrusi Lev Vygotsky, aliyefariki 1934, alifundisha kuwa jambo linalomshinda mtu peke yake huenda akaliweza akiongozwa na anayejua zaidi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kuwa mwongozo huo.

Lakini ukiona halali, hali, au anasema maisha hayana maana, acha habari za vitabu. Mfikishe upesi kwa mshauri wa chuo au daktari. Mtihani hurudiwa, mtoto harudiwi.

Mficha uchi hazai. Mfungulie mlango wa kusema kabla ya matokeo mengine kutoka.