Si uzee wa aplikesheni, ni mkono uliokupa

Katika familia nyingi za Mwanza simu haitupwi. Baba akinunua mpya, ya zamani inakwenda kwa mama, kisha kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne. Ikifika mkono wa tatu, aplikesheni zinaanza kugoma: nafasi imejaa, toleo jipya linataka simu mpya zaidi. WhatsApp, kwa mfano, Oktoba 2023 ilianza kuhitaji Android 5.0 au zaidi.

Hapo ndipo mama anayepokea oda za dagaa pale Mwaloni Kirumba anapoambiwa, “Lipo toleo la zamani, nikurushie?” Faili linarushwa simu hadi simu, biashara inaendelea.

Ni kama dawa. Ya duka lililosajiliwa na ya mfukoni kwa mpita njia zinaweza kufanana pakiti, lakini kilichomo ndani usikijue. Mwaka 2021 kampuni ya Kaspersky ilikuta kirusi Triada ndani ya FMWhatsApp, ambayo ni WhatsApp iliyochezewa. Programu hiyo iliomba ruhusa ya kusoma meseji, na kwa ruhusa hiyo mtumiaji angeweza kuunganishwa na huduma za kulipia bila kujua.

Familia ifanye nini?

Kwanza, anzeni Play Store. Kama mtengenezaji ameacha toleo linaloendana na simu ya zamani, duka hilo hulitoa lenyewe.

Pili, toleo linalofanya kazi vizuri linaweza kubaki. Fungua ukurasa wake Play Store, bonyeza nukta tatu juu kulia, ondoa tiki ya kujisasisha. Fanya hivyo kwa redio au kamusi, si kwa aplikesheni ya fedha, kwa kuwa toleo la zamani hukosa marekebisho ya usalama.

Tatu, hifadhi kabla ya kufuta. Kwa kawaida Android hukataa toleo la zamani liwekwe juu ya jipya. Ukilifuta jipya, meseji na kumbukumbu zilizomo zinaweza kuondoka nalo, pamoja na orodha ya wadeni wa dagaa.

Nne, usizime ulinzi wa Play Protect ili faili likubali kuingia. Kamusi ikiomba kusoma meseji zako, ifute.

Tano, kwa fedha simu kuukuu haihitaji aplikesheni. Menyu ya *150*00# ya M-Pesa au *150*60# ya Airtel Money inafanya kazi hata kwenye kitochi.

Ukipata meseji ya kitapeli ya “tuma kwenye namba hii”, iripoti kwenda 15040, namba iliyotengwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Nyumbani, anayeweka aplikesheni mara nyingi ni mtoto, na anayepoteza fedha ni mzazi. Kabla simu haijakabidhiwa mkono mwingine, wakae pamoja, wakague kilichomo na kukubaliana nani ataweka nini.