Kamina: mtoto mnene naye apimwe damu

Mjini Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, mtoto mnene husifiwa. Watu husema nyumbani kwao wanakula vizuri. Sifa hiyo inaeleweka katika nchi ambamo utapiamlo bado unaua watoto. Lakini inaficha hatari: mafuta yanaweza kujaa katika ini la mtoto huyo bila yeye kusikia maumivu.

Waganga wa Kongo wanajua ini lenye mafuta tangu zamani. Mtoto wa kwashiorkor hulipata kwa kukosa chakula bora. Mtoto wa sukre na biskuti kila siku hulipata kwa kuzidisha.

Damu inaweza kutoa onyo. Seli za ini zikiumia, kitu kiitwacho ALAT huvuja na kuingia katika damu, na maabara hukipima. Tangu 2017, wataalamu wa ini la watoto wa Amerika ya Kaskazini wanashauri mtoto mwenye unene wa kupita kiasi apimwe ALAT kuanzia miaka 9 hadi 11. Mpaka wao ni 26 kwa mvulana na 22 kwa msichana. Maabara nyingi huandika mpaka wa watu wakubwa, karibu 40. Hivyo mtoto mwenye 38 anarudi nyumbani akiambiwa ni mzima.

Wapo watakaosema kwamba malaria na hepatiti B pia hupandisha ALAT. Ni kweli. Ndiyo maana namba moja haitoshi: magonjwa hayo yatafutwe kwanza, ALAT irudiwe baada ya miezi michache, na ekografi ifanywe inapopatikana. Hata ALAT ikiwa ya kawaida, ini linaweza kuwa na mafuta.

Kasoro kubwa iko kabla ya maabara. Mtoto hupimwa uzito kwenye CPS hadi miaka 5, kisha anasahaulika. Shule zingeweza kuendelea na kazi hiyo kwa mizani na kamba ya fundi wa nguo. Kiuno kikizidi nusu ya urefu wa mtoto, apelekwe kwa muganga.

Matibabu ya kwanza hayauzwi famasi: kupunguza sukre, kutembea, kucheza mpira. Ini likiwahiwa hupona. Likiachwa miaka mingi, linaweza kuwa gumu na kuharibika. Wazazi wa Kamina wasingoje tumbo liume. Unene wa mtoto si cheti cha afya.