Uji Ungoje Kidogo

Mtoto wa miezi miwili akilia usiku, sisi akina mama hudhani maziwa hayamtoshi, tukamkorogea uji. Hebu tufikiri kwanza uji huo unakokwenda.

Uji, ugali na viazi ni vyakula vya wanga. Kwetu watu wazima, mate huanza kuuvunja wanga mdomoni. Ndiyo maana ugali ukitafunwa sana huwa na utamu. Kisha kimeng'enya kutoka kongosho huendeleza kazi hiyo katika utumbo mwembamba, hata wanga ukawa sukari iingiayo katika damu na kututia nguvu.

Kongosho la mtoto mchanga bado hutoa kimeng'enya hicho kidogo mno. Lakini sukari ya maziwa ya mama utumbo wake unaiweza tangu kuzaliwa. Mungu alikwisha kumwandalia chakula chake.

Basi tumnyonyeshe maziwa pekee hadi miezi 6. Bibi akituhimiza uji, tumweleze kwa heshima. Mtoto akilia, tumnyonyeshe mara nyingi zaidi. Asipoongezeka uzito, tumpeleke kliniki. Akifikisha miezi 6, uji laini utamfaa, huku akiendelea kunyonya.