Mkeka Usioonekana kwa Macho

Ndugu msomaji, umepata kumtazama bibi wa Kilwa Kivinje akisuka ukili? Huipishanisha miyaa kwa hesabu isiyokosea, kwani mmoja ukienda kombo nakshi yote huharibika. Siku hizi wataalamu wa sayansi nao wanasuka. Ila mkeka wao hauonekani kwa macho, na miyaa yao ni nyuzi za DNA, zile zibebazo urithi wa kila kiumbe.

Mwaka 2006 Paul Rothemund wa Marekani alichukua uzi mrefu wa DNA ya kirusi, akaukunja kwa vipande vifupi zaidi ya 200, kila kimoja kikishika mahali pake tu. Likatokea umbo alilolikusudia.

Yana faida gani hayo? Juu ya umbo hilo protini huweza kupangwa kwa vipimo. Askari wa mwili hawashtuki sana waonapo protini ya adui moja moja. Wakiziona zimepangika pamoja, hutambua kuwa wamevamiwa. Mwaka 2020 watafiti wa MIT, akiwamo Mark Bathe, walipanga protini ya VVU juu ya chembe za DNA. Katika maabara, protini tano tu zilizoachana vizuri zilitosha kuziamsha barabara seli zitengenezazo kingamwili.

Je, yatuhusuje sisi wa pwani ya Lindi, tunaokesha na watoto wenye homa? Yatuhusu sana. Chanjo ya malaria iitwayo R21, iliyojaribiwa pia Bagamoyo na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023, yafuata kanuni iyo hiyo. Protini ya kimelea cha malaria imeungwa na protini nyingine ambazo hujikusanya zenyewe kuwa chembe ndogo. Humo hamna mkeka wa DNA, lakini somo ni moja: mpangilio ni nguvu.

Hata hivyo, tusidanganyike. Mkeka wa DNA ungali katika utafiti. Mtu akikubishia hodi na chupa akidai ni tiba ya DNA, usimpe hata senti. Mlaze mwanao ndani ya chandarua chenye dawa, na homa ikianza mwahishe kituo cha afya akapimwe damu siku iyo hiyo.

Bibi wa Kivinje hamalizi mkeka kwa siku moja. Na sayansi nayo yataka subira. Homa ya mtoto haingoji.