Herufi Haimpimi Mtu

Hapana kipimo kibaya kama kile kinachotumiwa kupimia kitu ambacho hakikuundwa kukipima. Mizani ya samaki haiwezi kutuambia kina cha ziwa, wala futi ya seremala haiwezi kutuambia utamu wa muwa. Kila mwenye akili hulikubali neno hili linapohusu samaki na miwa. Walakini linapohusu vijana wanaomaliza shule, watu wengi wenye akili hulisahau. Nataka kukuonyesha, msomaji, ya kuwa usahaulifu huo ni dhuluma, na ya kuwa wewe mwenyewe, kabla hujavua sare yako, waweza kuikataa.

Tazama mambo yanavyokwenda. Ufikapo mwisho wa Novemba, wavulana wa kidato cha nne katika shule za Kikatoliki za pande za Rangwe, Homa Bay na Migori huweka kalamu chini baada ya karatasi ya mwisho ya mtihani wa KCSE. Huagana, huandikiana majina juu ya mashati, kisha hupanda matatu na bodaboda kurudi makwao. Kwa majuma machache hawana jina baya wala jina zuri. Ni wana wa watu tu: hulima, huchunga, huwachukulia mama zao mizigo ya sokoni. Kisha Januari matokeo hutangazwa, na kila mmoja hupewa herufi. Tangu saa hiyo swali huwa moja njiani, sokoni na hata mlangoni pa kanisa: “Umepata nini?” Hapana aulizaye, “Unajua nini?” wala, “Waweza kufanya nini?” Aliyepata B huchinjiwa jogoo. Aliyepata D hujifungia ndani ya simba yake, kile kibanda cha kijana wa Kijaluo katika boma la baba yake, asitoke mpaka jua limetua. Miaka minne ya kuamka alfajiri imegeuzwa herufi moja, na herufi imegeuzwa mtu.

Sisemi mtihani ufutwe. Nafasi za vyuo vikuu hazitoshi kwa kila anayezitaka, kwa hiyo hapana budi kuwe na ungo. Tena afadhali ungo wa karatasi inayosahihishwa na mtu asiyekujua kuliko barua ya mjomba mwenye cheo. Lakini yafaa tujue ungo huu unachekecha nini. Kwa sehemu kubwa mtihani huuliza yale yanayoweza kujibiwa kwa kalamu katika saa chache. Hauulizi kama kijana aweza kutunza fedha za wenzake bila ya kuzigusa. Hauulizi kama ana subira na mgonjwa, kama hurudi kwenye kazi iliyomshinda jana, au kama watu humfuata anapowaongoza. Katika masoko yetu mahindi hupimwa kwa gorogoro, kopo linalojulikana na kila mama. Gorogoro hutuambia wingi wa mahindi, wala haidanganyi ikiwa muuzaji ni mwaminifu. Hata hivyo, hapana mkulima anayeitumia kujua ni punje ipi itakayoota. Akitaka kujua hilo, huizika ardhini akangoja mvua.

Sasa tazama hesabu, uone ukubwa wa dhuluma yenyewe. Mwaka 2024 watahiniwa wapatao 962,000 walifanya KCSE. Waliopata C+ au zaidi, ambayo ndiyo alama ya chini ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa 246,391, yaani kama mmoja katika kila wanne. Ukikubali ya kuwa kila aliye chini ya C+ ameanguka, basi umekubali ya kuwa vijana zaidi ya laki saba wa taifa moja waliharibika kwa siku moja. Mkulima akivuna magunia manne na kuyatupa matatu, jirani hayalaumu mahindi. Humlaumu mkulima. Nchi gani itakayowatupa watoto watatu katika kila wanne, kisha ikajisifu ya kuwa ina hekima?

Jambo la ajabu ni kwamba mfumo wenyewe uliotuletea mtihani huu ulianzishwa kwa nia nyingine. Elimu ya 8-4-4 ilipoanza mwaka 1985, wananchi waliambiwa ya kuwa kijana atafundishwa kujitegemea, ashike randa na jembe kama anavyoshika kitabu. KCSE ya kwanza ilifanywa mwaka 1989, na tangu hapo macho yote yamekazwa juu ya herufi, na randa imelala kabatini. Nao mfumo huo unakwisha, kwa kuwa waliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 ndio waliopangiwa kuufunga mlango wake kwa KCSE ya mwaka 2027. Kabla yake babu zetu walitetemeka mbele ya mtihani wa Cambridge. Mitihani huja ikaenda, lakini watu hubaki, na ni ujinga kumvisha mtu kwa maisha yake yote hukumu ya kitu kisichodumu.

Mfano wa neno hili hauko mbali. Katika kisiwa cha Rusinga, kaunti hiyo hiyo ya Homa Bay, liko kaburi la Tom Mboya. Alizaliwa mwaka 1930 huko Kilimambogo, ambako baba yake alikuwa mnyapara katika shamba la mkonge. Alisoma katika shule za Kikatoliki, zikiwamo St. Mary’s ya Yala na Holy Ghost College ya Mang’u. Mwisho wa mwaka 1947 aliondoka Mang’u bila ya kuufikia mtihani wa Cambridge, kwa sababu fedha za kuendelea zilikosekana. Kwa kipimo cha majirani wa Januari, huyo alikuwa kijana aliyekatikia njiani. Alikwenda Jeanes School, Kabete, akajifunza kazi ya ukaguzi wa afya, kazi ambayo watu wengi hawaioni kuwa ya fahari. Kutoka hapo aliingia katika vyama vya wafanyakazi. Disemba 1958, akiwa na umri wa miaka 28, alikalia kiti cha mwenyekiti katika Mkutano wa Watu wa Afrika Yote mjini Accra. Na mwaka 1959 wanafunzi 81 waliruka kwa ndege kwenda Marekani kusoma, katika safari ambayo yeye alikuwa miongoni mwa waliohangaika kuifanikisha. Kijana aliyekosa cheti ndiye aliyewafungulia wenzake mlango wa vyuo vikuu! Aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na waliomlilia hawakuuliza alipata herufi gani.

Najua utakalonijibu. Utasema, “Mboya alikuwa mmoja. Kwa kila Mboya wako maelfu walioacha shule wakapotea.” Kweli kabisa, wala sidai ya kuwa kila aliyepata D ni Mboya. Nasema hivi: hapana mtu aliyeweza kumjua Mboya kwa kutazama karatasi zake za mwaka 1947. Ikiwa cheti hakikuweza kumwona mtu mkubwa kama yule, kitawezaje kumwona fundi hodari, mfugaji stadi, au baba atakayeilea jamaa yake kwa haki? Tena kumbuka ya kuwa Mboya hakukaa kibandani akilia. Alipokosa mlango mmoja alibisha hodi mwingine, akasoma usiku baada ya kazi, na mwaka 1955 alikwenda Ruskin College, Oxford, akiwa tayari kiongozi wa wafanyakazi.

Kosa hili ni zito mno linapofanywa na shule za dini. Wamisionari wa Mill Hill walipofungua misheni ya Asumbi, karibu na Rangwe, mwanzoni mwa karne ya 20, hawakuwa na ubao wa kubandikia wastani wa alama. Leo pale Asumbi pana chuo cha ualimu, pana shule ya wasichana yenye sifa, na pana nyumba ya watawa. Na pande za Migori wavulana husoma St. Joseph’s Rapogi. Shule kama hizo hudai kumlea mtu mzima: roho yake, akili yake na mikono yake. Jumapili padri huwasomea wanafunzi mfano wa talanta. Wanasikia ya kuwa yule mtumishi wa mwisho hakulaumiwa kwa kuwa alipewa moja. Alilaumiwa kwa kuwa aliizika. Ni mafundisho mazuri. Lakini Jumatatu ubao wa matangazo huhesabu talanta peke yake. Majina ya wenye tano huandikwa kwa rangi nzuri, na wenye moja hawatajwi kabisa, kana kwamba hawakulala katika mabweni yale wala hawakupiga magoti katika kanisa lile. Shule ichague ni lipi inaloliamini, la Jumapili au la Jumatatu. Haiwezi kuyaamini yote mawili.

Wewe utakayepata A au B, furahi, kwa kuwa umefanya kazi na malipo ni haki yako. Walakini usidhani ya kuwa umepewa leseni ya kumdharau uliyeketi naye dawati moja. Huenda yeye ndiye aliyekuwa akikuazima kitabu, au akikuamsha alfajiri usome. Mkulima wa Rangwe aliyeuza ng’ombe akulipie karo hakuwa na herufi yo yote, na bila ya yeye wewe usingekuwa nayo.

Nawe utakayepata C au D, nisikilize kwa makini zaidi, maana sikukutetea ili ulale. Niliposema ya kuwa herufi haikupimi, sikusema ya kuwa hupimwi. Utapimwa, na kipimo kitakuwa kazi yako. Mwenye C- aweza kusomea stashahada katika chuo cha ufundi. Mwenye D aweza kusomea astashahada. Hata mwenye E hakufungiwa nje, kwa kuwa mafunzo ya ufundi ya ngazi ya chini humpokea. Tazama nyumbani kwenu palivyojaa kazi zisizo na watu wa kuzifanya vizuri: samaki wa ziwani huharibika kwa kukosa barafu, injini za mashua hulala kwa kukosa fundi, mashamba huchoka kwa kukosa mtu anayejua udongo. Aliye gizani haulizi alama zako za kemia, mradi taa yake iwake. Lakini ukijifungia katika simba miezi sita ukiionea haya herufi yako, basi umeizika talanta kwa mikono yako mwenyewe, wala usimlaumu mtahini.

Wazee wetu husema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Hawakusema mwenye cheti. Walisema mgaagaa, yaani anayehangaika pasipo kuchoka. Basi Januari ikija, mtu akakuuliza umepata nini, mtajie herufi yako kwa sauti, bila ya kiburi ikiwa kubwa na bila ya haya ikiwa ndogo. Kisha mwambie kazi unayokwenda kujifunza, na siku utakayoianza. Ikiwa huna la kumwambia katika hayo mawili ya mwisho, hapo ndipo pa kuona haya, hata kama herufi yenyewe ni A.